Mzaha Makaburini: Misimbo ya Barthes na Mwanzo wa Night of the Living Dead

Ni saa mbili usiku na bado kuna mwanga.

Maneno ya namna hiyo ndiyo yanayofungua mazungumzo katika Night of the Living Dead, filamu ya kutisha ya George A. Romero iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Pittsburgh, Marekani, tarehe 1 Oktoba 1968. Anayeyasema ni Barbra, akiwa garini na kaka yake Johnny. Wamesafiri saa tatu kutoka mjini hadi makaburi ya mashambani ili kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Barbra halalamikii jambo kubwa. Kwao saa husogezwa mbele kila mwaka ili jioni za kiangazi zirefuke, na yeye anaona siku ya kusogeza saa ingefaa iwe siku ya kwanza ya kiangazi. Mmarekani akiyasikia hayo hashtuki. Ni soga tu.

Sisi tunashtuka. Huku kwetu jua huchwa karibu saa ileile mwaka mzima, na lugha yenyewe imekwisha kutia usiku ndani ya saa: hakuna saa mbili ya jioni yenye jua. Kwa Kiingereza anachosema Barbra ni namba tu. Kwa Kiswahili namba hiyo inakuja na giza lake. Kwa hiyo mtazamaji wa Tanga au Kisumu anayefuata kwa tafsiri anapokea kauli ya ajabu kabla hata mtu hajashuka garini: usiku usiotaka kuwa usiku.

Kauli ni ileile ila uzito umebadilika, kwa kuwa wasikilizaji wamekuja na mizigo tofauti vichwani. Jambo hilo mhakiki wa fasihi Mfaransa, Roland Barthes, alilifanyia kitabu kizima, S/Z, kilichotoka mwaka 1970, na alilipa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita msimbo. Jina hilo linapotosha kidogo, maana linatufanya tufikirie namba za siri au kazi ya watengeneza programu. Barthes hakuwa na maana ya siri. Kwake msimbo ni lile rundo la mambo ambayo msomaji ameshayasoma, ameshayaona na ameshayafanya, na ambalo kila sentensi mpya huligusa mahali fulani. Hadithi hueleweka kwa sababu inakukumbusha.

Alichokifanya kilikuwa kazi ya subira. Alichukua hadithi moja ya mwandishi Mfaransa Balzac, Sarrasine, ya mwaka 1830, akaikatakata vipande 561. Kila kipande alikiita leksia: pengine neno moja, pengine sentensi kadhaa. Kisha akauliza kila kipande kinagusa msimbo gani. Akapata mitano tu.

Wa kwanza ni msimbo wa fumbo. Huu mtu aliyekulia kwenye vitendawili haufundishwi darasani. Mtu husema "Kitendawili!", wenzake hujibu "Tega!", naye hutega. Wanajaribu, wanakosa. Mtegaji angeweza kusema jibu papo hapo lakini hasemi. Anadai mji. Wanampa Mombasa, anaukataa. Wanampa Zanzibar, anaridhika, anatamba kidogo alivyokwenda Zanzibar, na ndipo anafumbua. Pale katikati, kati ya kutega na kufumbua, ndipo Barthes alipokaza macho. Alionyesha kwamba hadithi huishi kwa kuchelewesha jibu, na akazitaja mbinu za kuchelewesha: kumtega msomaji kwa jibu la uongo, kumpa nusu ya jibu, kusema kauli yenye ukweli na uongo kwa pamoja, kuanza kujibu na kukatiza, au kutangaza kwamba jibu halipatikani. Katika Sarrasine mchongaji anampenda mwimbaji Zambinella bila kujua kwamba ni mwanamume aliyehasiwa, na karibu hadithi yote ni kazi ya kuuzuia ukweli huo usitoke mapema.

Wa pili ni msimbo wa matendo. Tukiona mtu anashika kitasa, tunangoja mlango ufunguke. Tendo likianza tunalipa jina, na jina hilo linatuambia hatua zitakazofuata. Waliokaa kwenye kibanda cha video wanajua jinsi ukumbi mzima unavyompigia mhusika kelele asifungue huo mlango. Kelele zile ni msimbo wa matendo unafanya kazi.

Mingine mitatu haina haraka. Kuna msimbo wa sifa, yaani dalili ndogondogo zinazomjenga mtu au mahali: miwani, lafudhi, kiatu kilichochakaa. Kuna msimbo wa taashira, ambao hujengwa na mambo yanayopingana, kama nuru na giza, na hasa na kile kinachotokea mpaka kati yao unapovunjwa. Na kuna msimbo wa utamaduni, yaani maarifa ya jumla ambayo hadithi inadhani unayo: methali, dini, udaktari, kalenda, adabu. Kusogeza saa kwa Barbra kunakaa humo.

Fumbo na matendo ni misimbo ya mwendo, haiwezi kurudi nyuma. Jibu haliwezi kutangulia swali, wala mtu hawezi kuanguka kabla hajajikwaa. Mitatu iliyobaki unaweza kuisoma mbele au nyuma, haijali. Shikilia tofauti hiyo, maana nadhani ufunguzi wa Romero unatisha kwa sababu unaivuruga misimbo miwili ya mwendo, na unafanya hivyo mchana kweupe.

Jina lenyewe

Leksia ya kwanza ya Barthes ilikuwa jina la hadithi. Sarrasine ni nini? Mtu? Mahali? Mwanamume au mwanamke? Swali limetegwa kabla ya ukurasa wa kwanza.

Filamu hii ilikuwa na jina jingine kabla ya kuingia sokoni: Night of the Flesh Eaters, usiku wa wala nyama. Lipime jina hilo kwa msimbo wa fumbo, utaona linafumbua kitendawili kabla ya kukitega. Linatuambia adui anataka nini. Jina lililochukua nafasi yake, usiku wa wafu walio hai, halifumbui kitu. Linaweka mfu na hai kitandani pamoja na kukuacha ujiulize inawezekanaje. Fumbo na taashira vimepandwa pamoja kwa maneno machache.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama ya kuchekesha, ingawa sidhani kama Romero alicheka. Wasambazaji walipobadilisha jina kwenye nakala, tangazo la hakimiliki lilitoka pamoja na jina la zamani. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilidai tangazo hilo liwepo, kwa hiyo filamu ikawa mali ya umma. Ndiyo maana leo unaweza kuitazama bure kwenye intaneti bila kumwibia mtu, na ndiyo maana nimeichagua: sitisha kusoma ukitaka, nenda ukaangalie dakika kumi za mwanzo.

Redio, shada na babu

Picha ni nyeusi na nyeupe. Barabara tupu, gari linakuja kutoka mbali, linapinda, linapita, na kamera haina haraka nalo. Makaburini bendera ya Marekani inapepea. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na bendera juu ya makaburi haikuwa pambo kwa mtu aliyekuwa akipokea majina ya waliokufa. Huo nao ni msimbo wa utamaduni, na kwa watazamaji wengi wa leo umeshafifia.

Gari likisimama, redio inashika. Mtangazaji anasema wanarudi hewani baada ya matatizo ya kiufundi. Johnny anaamua kwamba redio yao haikuwa mbovu, hitilafu ilikuwa kituoni. Anaizima.

Ningeweza kukaa kwenye kipande hiki siku nzima. Katika msimbo wa matendo ni jambo dogo kabisa: redio imewaka, redio imezimwa. Katika msimbo wa fumbo ni jibu lililokatizwa mdomoni. Baadaye redio na televisheni ndizo zitakazowaeleza watu waliojifungia ndani ya nyumba ya shambani kinachoendelea nchini, na Johnny amezima sauti hiyo kabla haijamfikia. Ukitazama mara ya kwanza hukioni kitu, kwa sababu hujui kwamba kuna swali. Jibu limegonga mlango kabla ya swali kuzaliwa. Kwa kanuni ya Barthes hilo haliwezekani, lakini Romero amelifanya liwezekane kwa kulificha ndani ya kero ya kawaida.

Shada nalo lina maandishi yanayosema "bado tunakumbuka". Johnny anayasoma na kuyakana: yeye hakumbuki, hata sura ya baba yake imemtoka. Kisha analalamikia gharama. Kila mwaka wananunua shada, kila mwaka wakirudi la mwaka jana halipo. Barbra anasema maua hunyauka na mtunza makaburi huyaondoa. Johnny ana nadharia nyingine: mtu analisafisha, analiuza tena, na huenda wamelinunua shada lilelile mara nyingi.

Ni kichekesho, na kinamjenga Johnny vizuri. Kwa msimbo wa sifa tunaye kijana wa mjini mwenye miwani, amevaa glovu za kuendeshea gari, anayehesabu maili na kuona msiba kama kero ya Jumapili. Lakini msimbo wa taashira umelalia palepale chini. Kitu cha kaburini kilichokwisha kazi yake kinaondolewa, kinasafishwa, kinarudishwa kwa walio hai. Maiti hazijaamka bado, ila wazo la kuamka limeshapita mbele yetu likiwa limevaa nguo za utani.

Barbra anapiga magoti kusali. Ngurumo. Johnny anamwambia maombi ni ya kanisani, na kwamba kwenda kanisani kwake hakuna maana tena. Kisha anakumbuka utoto wao: palepale, nyuma ya mti ule, aliwahi kumrukia dada yake ili kumtisha, na babu yao akamtikisia ngumi akimlaani aende motoni. Johnny anayeshindwa kukumbuka sura ya baba anakumbuka laana ya babu neno kwa neno. Sijui mwandishi yeyote wa kwetu ambaye angeacha kauli kama hiyo ipite bure. Laana ya mzee, kaburini, ikirudiwa na mlaaniwa mwenyewe kwa kicheko, katika hadithi ya Kiswahili ni deni litakalodaiwa tu. Marekani ya 1968 huenda iliisikia kama kumbukumbu ya ukoo.

Wanakuja kukuchukua

Mbali nyuma yao, kati ya mawe ya makaburi, mtu mrefu anatembea. Johnny ameshagundua kwamba dada yake bado anaogopa mahali hapa kama zamani. Anavuta sauti, anaitetemesha kama ya mzuka: wanakuja kukuchukua, Barbra. Dada anakasirika. Anarudia. Kisha anamwonyesha yule mtu: tazama, mmoja wao yule anakuja.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga. Lakini kabla ya usaha, angalia kilichotokea kwenye misimbo.

Johnny anaamini anadanganya. Filamu, kupitia mdomo wake, inasema kweli tupu. Wanakuja kweli. Yule ni mmoja wao kweli. Barthes alikuwa na nafasi ya kauli kama hiyo katika mbinu zake za fumbo, ile kauli mchanganyiko ambayo sikio moja linapata uongo na jingine linapata ukweli. Kwa kawaida hadithi huitumia kwa tahadhari, neno moja hapa na jingine pale. Romero anaitumia kwa sauti kubwa, na sisi hatusikii, kwa kuwa msimbo wa utamaduni umetuziba masikio: tunajua kaka huwatania dada zao, tunajua vijana hufanya mzaha makaburini. Msimbo mmoja umetumika kama pazia la mwingine.

Hapa mtazamaji wa Tanzania ana pazia la rangi nyingine. Sisi tuna watu wenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani. Mtani anaweza kumwigiza marehemu, kulala kaburini akidai alipwe ndipo atoke, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mnyamwezi na Mzaramo wanalijua hilo. Lakini utani ni cheo, na mtoto wa marehemu hana cheo hicho juu ya baba yake. Kwa hiyo Johnny hasomeki kwetu kama mtani. Ni mtu aliyechukua kazi isiyo yake. Mmarekani anaweza kuona kijana mkorofi tu. Sisi tunaona mwiko umeguswa, na mwili unasisimka sekunde chache mapema zaidi.

Johnny anatimua mbio akijifanya kumkimbia yule mgeni. Barbra, kwa aibu, anaelekea kumpita yule mtu, na inaonekana anataka kumwomba radhi kwa utovu wa adabu wa kaka yake. Tendo tunalijua, lina jina, "kuomba radhi", na hatua zake tunazitarajia: macho kukutana, neno la upole, kila mtu kushika njia yake. Yule mtu anamkamata.

Tendo gani hili? Tunahangaika kulipa jina. Mwizi? Mlevi? Mbakaji? Kila jina likijaribiwa linapwaya. Johnny anarudi kumwokoa dada yake, wanakumbana, kichwa chake kinagonga jiwe la kaburi na anatulia. Mshambuliaji haibi kitu wala hasemi kitu. Anainuka na kumfuata Barbra kwa mwendo wake wa kuchechemea, bila hasira. Barthes alisisitiza kwamba mfuatano wa matendo huwepo kwa sababu unaweza kupewa jina. Hapa tuna mfuatano usio na jina, na kukosa jina kwa tendo ndiko kunakogeuka kuwa fumbo. Misimbo miwili ya mwendo imegongana. Leo zombi yuko kila mahali na jina linatujia haraka, lakini ndani ya filamu yenyewe neno zombi halitamkwi hata mara moja, na watazamaji wengi wa 1968 hawakuwa wamezoea mfu anayekula watu.

Walikuwa na mfano mwingine. White Zombie ya mwaka 1932, ambayo kisa chake kiko Haiti, inaonyesha wafu wanaotumikishwa na bwana. Huo tunaufahamu vizuri, maana msukule ni vivyo hivyo: kuna mtu kamchukua, kamficha, anamlimisha usiku. Msukule ana mwenyewe. Kwa hiyo mtazamaji wa kwetu akimwona yule mrefu makaburini, swali lake la kwanza si "ni nini?" bali "nani kamtuma?". Ni fumbo ambalo filamu haikulitega, lakini kwa halali limetegeka, kwa sababu msimbo unaishi kwa msomaji kama unavyoishi kwenye picha. Na filamu hailijibu hadi mwisho. Wanasayansi na wanajeshi wanabishana mbele ya kamera kuhusu mnururisho wa chombo kilichokuwa kikirudi kutoka sayari ya Zuhura, nusu ya jibu isiyokubaliwa na wote, kisha basi. Hakuna bwana. Nimewahi kuitazama na watu waliolalamika kwamba filamu haikwisha, na kwa msimbo wao walikuwa sahihi kabisa.

Barbra anafika garini, anajifungia. Funguo hazipo, anazo Johnny. Yule mtu anavunja kioo kwa jiwe. Barbra anaachia breki ya mkono, gari linaserereka mteremkoni lenyewe mpaka linakwama kwenye mti, naye anakimbilia nyumba ya shambani. Hapa msimbo wa matendo unarudi kwenye reli zake, fundi kamili: mlango, funguo, kioo, breki. Tunapumua, ingawa kuna hatari, kwa sababu angalau tunajua majina.

Onyo kwa wanaochora jedwali

Nadharia hii hufundishwa vyuoni kwa jedwali la safu tano, kila mwanafunzi ajaze. Jedwali linaua kitu chenyewe. Ile kauli ya Johnny ungeiweka safu ipi? Ni fumbo, ni sifa, ni utamaduni, na kama ukikumbuka laana ya babu, ni taashira pia. Barthes aliifananisha misimbo na sauti zinazosikika kwa pamoja. Swali la maana ni sauti ipi inaifunika ipi, na lini.

Tena yeye alikata maneno ya Balzac. Ukikata filamu, utakata wapi: kwa picha, kwa sentensi, kwa ngurumo? Yule mtu nyuma yao haonekani katika sentensi yoyote. Yupo tu ndani ya fremu, na anayesoma maneno peke yake atamkosa mpaka yule mtu amkamate Barbra.

Msimbo usiojali mbele na nyuma una subira kuliko yote. Ukumbuke shada lililosema "bado tunakumbuka", na glovu zile za kuendeshea gari, ambazo mwanzoni zilikuwa dalili tu ya kijana anayejipenda. Karibu na mwisho wafu wanavunja mlango wa nyumba ya shambani, Barbra anaukimbilia kuuzuia, na mkono unaomshika na kumvuta nje gizani umevaa glovu.